Mzee Akikataa Gari, Muulize Sababu

Mchagua jembe si mkulima. Methali hii imekuwa silaha ya watoto wenye haraka dhidi ya mzazi anayezunguka yadi za magari mjini Kakamega akikataa hili kwa sababu ya kiti, lile kwa sababu ya breki ya mkono, na jingine kwa sababu asiyoieleza ila kwa kutikisa kichwa. Kwa heshima zote kwa wahenga, sidhani wanaoitumia hivyo wamewahi kumtazama mkulima wa Shinyalu au Malava akinunua jembe siku ya soko. Hulipima uzito kwa mkono mmoja, hugonga bapa lake kwa ukucha asikilize mlio, huchungulia tundu la mpini, kisha hulirudisha na kuomba la pili. Anayebeba jembe la kwanza aliloshikishwa, aghalabu ana mtu wa kumlimia. Mzee anayechagua gari namna hiyo si msumbufu. Anakusudia kulitumia, na kila “silitaki” anayotamka ni maelezo ya gari analohitaji, ingawa ameyatoa kinyumenyume. Kazi ya mtoto ni kuyafasiri maelezo hayo na kukagua kinachouzwa. Kazi ya kuamua si yake.

Najua hali ilivyo. Katika familia nyingi za kaunti hii gari la mzee hununuliwa kwa mchango. Mwalimu aliyestaafu akiwa na miaka 60 amebakiwa na kiasi cha malipo yake ya mkupuo baada ya kumalizia nyumba. Mtoto mmoja yuko Nairobi, mwingine Doha, wa tatu Marekani. Wakenya walio ng’ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.95 mwaka wa 2024, kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, na si vigumu kukisia kwamba baadhi ya fedha hizo sasa zina magurudumu manne. Uamuzi hufanyiwa kwenye kundi la WhatsApp la familia: picha zinarushwa, kura zinapigwa, kisha mzazi anapigiwa simu kujulishwa alichochaguliwa. Akiguna, huonekana hana shukrani.

Haraka hiyo ina gharama. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo yale yaliyo rahisi mno kule Japani mara nyingi hayawezi kuletwa. Linaloruhusiwa hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 ikiwa injini haizidi CC 1,500, au 25 ikizidi kidogo, halafu VAT ya asilimia 16. Na kila kodi hutozwa juu ya jumla iliyotangulia. Hivyo kila shilingi 100 za thamani inayokadiriwa na mamlaka ya kodi, KRA, hufikia karibu 188 kwa injini ndogo na karibu 196 kwa ile inayofuata, kabla hujalipa ada ya reli, ada ya uagizaji, gharama za bandari na dereva wa kulitoa gari Mombasa. Likishafika kijijini na ikadhihirika kwamba goti la mzee haliingii sawasawa chini ya usukani, hakuna wa kumrudishia. Litauzwa kwa hasara, au litaegeshwa chini ya mparachichi huku mwenyewe akiendelea kupanda matatu.

Tuanze na mwili, maana huko ndiko malalamiko mengi hutoka hata yasipotajwa. Retina ya mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20, kwa kuwa mboni husinyaa na lenzi hugeuka manjano na kupoteza uangavu. Mzee anayesema taa za gari fulani hazina nguvu, au kwamba vioo vilivyotiwa giza vinamziba, hazushi. Anaripoti anachokiona, na mtoto wa miaka 35 aliyesimama kando yake hakioni hivyo. Nyonga na magoti nayo yana kauli. Sedani ya chini humlazimu mtu ajitupe ndani na ajivute kutoka. Gari refu la kifahari humtaka apande huku ameshikilia mlango. Kiti kinachofaa ni kile kinacholingana na nyonga za mwenyewe akiwa amesimama, na picha ya mtandaoni haionyeshi kipimo hicho. Ndiyo maana mzee huingia, akatoka, akaingia tena, huku muuzaji akitazama saa. Anapima. Na yule ambaye shingo yake haigeuki vizuri, kamera ya nyuma ambayo kijana huiona pambo, kwake ndiyo tofauti kati ya kutoka uani salama na kumkanyaga kuku, kama si mjukuu.

Watoto wengi hawatilii maanani kwamba magari haya yalitengenezewa taifa la wazee. Japani, karibu watu watatu katika kila kumi wamefikisha miaka 65, na watengenezaji wamelazimika kuwafikiria. Toyota Sienta ina mlango wa kuteleza na sakafu ya chini. Yapo hata matoleo yanayoitwa Welcab, ambamo kiti cha abiria hugeuka na kutokeza nje kumpokea mtu asiyeweza kujikunja. Kijana anayemcheka baba yake kwa kupenda “gari la sanduku” hajui kwamba sanduku hilo lilichorwa kwa ajili ya watu wa rika la baba huyo. Upande wa pili, Wajapani hawakuwa wakiifikiria Kakamega. Redio nyingi za magari hayo hushika FM kuanzia 76 hadi 90 au 95, ilhali mawimbi yetu yako kati ya 87.5 na 108, na mzee akitafuta Mulembe FM anaweza kuambulia mikwaruzo mpaka afungiwe kifaa cha kuhamisha masafa. Maandishi ya skrini ni ya Kijapani. Gari likiwashwa, sauti ya mwanamke hukumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara za huko haijaingizwa. Mtoto huyaona haya kuwa mambo madogo, lakini si yeye atakayeamshwa na mwanamke huyo kila alfajiri kwa miaka kumi.

Lalamiko linalochekwa kuliko yote ni la gia na ufunguo. Mzee anataka gari la gia za mkono, ufunguo wa kuzungusha na breki ya kuvuta. Mtoto anaona ushamba. Tazama basi yaliyotokea Ikebukuro, jijini Tokyo, tarehe 19 Aprili 2019. Dereva wa miaka 87, aliyewahi kuwa afisa wa ngazi ya juu serikalini, aliwagonga na kuwaua mama na binti yake wa miaka mitatu. Alidai gari lilipata hitilafu. Mwaka wa 2021 mahakama iliamua kwamba alikanyaga mafuta akidhani ni breki, ikamfunga miaka mitano. Gari lilikuwa otomatiki. Katika gari la gia za mkono mguu wa kushoto una kazi yake, na dereva aliyeshtuka hukanyaga klachi kwa mazoea, injini ikaachana na magurudumu. Sisemi kwamba hiyo ndiyo dawa, maana klachi humtesa mwenye goti bovu, na matuta ya njia ya kwenda Kisumu hayampi nafasi ya kupumua. Nasema kwamba mzee anayeliogopa gari “linalojiendea” anaogopa kitu kilichopo, na jamaa zake wanaomcheka wangefanya vyema kumsikiliza.

Hapo ndipo kufasiri kunapofaa. Japani iliagiza aina mpya za magari ya abiria yanayotengenezwa nchini humo ziwe na breki za kujifunga zenyewe kuanzia Novemba 2021, na Toyota ilikuwa imeanza kuweka mfumo wake wa Safety Sense tangu 2015. Kwa kanuni yetu ya miaka minane, si machache kati ya magari yanayoshuka Mombasa sasa yaliyo na vifaa vya namna hiyo, ila muuzaji hawezi kukueleza kama vinafanya kazi, na wakati mwingine hajui kama vipo. Mtoto atafute otomatiki yenye breki hizo na yenye kanyagio zilizoachana vizuri, ampeleke mzazi kwenye uwanja mtupu, amwachie ajaribu kadiri apendavyo. Akikataa baada ya hapo, atafutiwe la gia. Ni machache siku hizi, lakini yapo.

Baada ya mwili ni njia. Kakamega ni miongoni mwa kaunti zenye mvua nyingi zaidi nchini. Pembezoni mwa msitu hunyesha takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Barabara ya kutoka Kisumu kupitia Kakamega hadi Webuye ni ya lami, lakini wengi wetu hatuishi kwenye lami. Mwendo unaoamua hatima ya gari ni ule wa mwisho, kutoka barabara kuu hadi lango la boma, juu ya udongo mwekundu ambao mwezi wa Aprili huwa utelezi mtupu. Subaru Forester huwa na sentimita 22 hivi kati ya tumbo lake na ardhi, sedani kama Axio huwa na kama 15, na tofauti hiyo ya sentimita saba ndiyo inayomfanya mzee ainame kuchungulia chini ya gari wakati watoto wanasifia rangi. Kisha kuna mzigo, na hapa familia nyingi husahau kumuuliza abiria mkuu. Mama, ambaye huenda hajawahi kushika usukani, ndiye anayejua kwamba gari litabeba magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, sufuria za matanga na wanawake wanne wa kanisa waliovaa sare. Anajua pia kwamba jirani akishikwa na uchungu usiku wa manane, gari hilo ndilo litakaloitwa kumkimbiza hospitali ya rufaa mjini. Akiuliza mlango wa nyuma unafunguka kiasi gani, tafadhali asiambiwe kwamba mambo ya magari si yake.

Watakaonipinga hapa wana hoja nzuri: yupo mzee asiyetaka gari lolote lililotengenezwa baada ya Peugeot 504. Huyo tumfanyeje? Tukumbuke kwanza mapenzi hayo yalikotoka. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka wa 1963, kisha mara tatu mfululizo kutoka 1966 hadi 1968. Dereva Nick Nowicki alishinda ya 1963 na ya 1968, na katika miaka yote hiyo miwili ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Bert Shankland wa Tanzania alichukua mbili za katikati. Peugeot 504 ikashinda 1975 na 1978. Mtu aliyezaliwa 1950 alikuwa na miaka 18 matope yalipoyameza magari ya wengine na Pijo ikapita, na baadaye akasafiri ndani ya Pijo za abiria zilizounganisha miji yetu. Kizazi chake kilijifunza kwamba gari huthibitishwa na njia mbaya, wala si na tangazo. Sheria haimruhusu kuagiza 504 leo, na hata angeipata, spea zingemsumbua. Lakini ukimuuliza alichokipenda kwenye gari lile, hataanza na nembo ya simba. Atakuambia shokomzoba zilizomeza mashimo, buti lisilojaa, na fundi aliyeweza kulifufua akiwa na spana na waya. Vigezo hivyo havijazeeka, na vinaweza kupimwa kwenye gari la mwaka wa 2019.

Kigezo cha fundi, hasa, ni cha kuzingatia kuliko chochote ambacho mtoto atasoma mtandaoni. Mzee hulikataa gari la aina ngeni kwa sababu fundi wake, ambaye wamezoeana kwa miongo miwili, hana kompyuta ya kulisoma. Mtoto hujibu kwamba Nairobi mafundi wapo, kana kwamba gari litaharibikia Nairobi. Haibridi ni mfano mzuri. Hubana mafuta kwelikweli, na kwa mtu wa mizunguko ya mjini lina maana. Lakini betri yake kubwa ikichoka gharama ni nzito, na kabla ya kulinunua inafaa mtu atembee kwenye gereji za mjini aulize nani amewahi kufungua moja, wala si nani anadhani anaweza. Tofauti ya majibu hayo mawili itamaliza ubishi wa familia mapema.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha: mwenye kulipa ndiye mwenye usemi. Nalikubali nusu. Anayelipa ana haki ya kuweka kikomo, na kikomo hicho kihesabu bima, mafuta na matengenezo, kwa sababu bei ya mafuta hutangazwa upya na mamlaka ya nishati, EPRA, kila tarehe 14 ya mwezi wakati pensheni haibadiliki mwezi kwa mwezi. Mzee akitaka injini ya CC 2,500 kwa pensheni ya mwalimu, mtoto ana wajibu wa kumwonyesha hesabu bila kumficha. Ila chini ya kikomo hicho, haki ya mlipaji inaisha. Kinachonunuliwa ni uwezo wa mzazi kwenda anakotaka bila kuomba, na mtoto anayemchagulia kila kitu amemnyang’anya kile kile anachodai kumpa. Mara nyingine, tuseme ukweli, gari huchaguliwa ili kijiji kimwone mtoto. Prado inayopita sokoni hutaja jina la aliyeituma kwa sauti kubwa kuliko Sienta. Mzee huyajua hayo, ndiyo maana wakati mwingine hukataa bila kueleza. Hataki kumwaibisha mwanawe.

Wapo pia wanaouliza kama mzee huyu anapaswa kuendesha hata kidogo. Swali ni la haki, na lijibiwe kwa vipimo badala ya tarehe ya kuzaliwa. Kabla ya kufika yadi, apelekwe akapimwe macho. Hospitali ya Macho ya Sabatia, kule Vihiga, haiko mbali, na mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji. Japani yenyewe haikuwapiga marufuku wazee. Tangu Mei 2022 madereva waliofikisha miaka 75 na wenye makosa fulani ya barabarani hutakiwa kufanya mtihani wa kuendesha kabla ya kupewa leseni upya. Tukumbuke pia kwamba mbadala wa gari hapa si treni ya chini ya ardhi. Ni boda boda kwenye mvua, mtu wa miaka 72 akiwa amemkumbatia kijana asiyemjua. Na vipimo vikisema aache, bado atahitaji gari la kubebwa ndani yake na dereva wa kulipwa, na bado kiti kitakuwa chake.

Uzito wa mzee katika kuchagua una faida nyingine, nayo ni kwamba walaghai hawaupendi. Biashara ya yadi hustawi kwa haraka: mteja mwingine yuko njiani, bei itapanda Jumatatu, acha amana sasa hivi. Mzee asiyekimbizwa huwachosha. Muda anaoupoteza, kama wanavyodai watoto, ndio muda ambao mtoto anapaswa kufanya kazi asiyoiweza mzee: kulinganisha namba ya fremu na ile ya kwenye hati, kutafuta karatasi ya mnada wa Japani ili kuona kilomita zilizoandikwa na kama gari liliwahi kugongwa, kuvuta rekodi za mamlaka ya usafiri, NTSA, kupitia tovuti ya eCitizen kujua mmiliki ni nani na kama kuna benki yenye madai juu yake. Gari ambalo hati yake imeshikiliwa na mkopeshaji linang’aa sawa na lisilo na deni. Jicho la mzee litaona mlango uliopakwa rangi upya. Deni halionekani kwa jicho, na hapo ndipo elimu aliyomlipia mwanawe karo inapopaswa kumrudia.

Yabaki suala la jina, ambalo familia huliacha hadi mwisho na kulimaliza kimyakimya. Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Watoto wengi husajili gari kwa majina yao wakisema ni rahisi zaidi, kwa kuwa akaunti ya eCitizen wanayo na mzee hana. Matokeo yake mzee hawezi kuliuza, hawezi kulibadilisha, na ndugu wakikosana baada ya mlipaji kufariki, gari lililoegeshwa kwa baba linaingia kwenye orodha ya mali ya mwana. Kumfungulia mzazi akaunti ni kazi ya alasiri moja, simu yake ikiwa na chaji na kitambulisho kikiwa mezani. Mzee akiuliza litaandikwa jina la nani kabla hajauliza bei, ajibiwe hapo hapo, wenzake wote wakisikia, na fedha zisitumwe mpaka ameridhika na jibu.